Kila fundi huacha kifusi

Mhariri,

Makala mliyochapisha Jumapili iliyopita kumhusu Graham Hancock, mwandishi wa vitabu vya ustaarabu uliopotea, ilinifikia imefunga mahamri. Ndivyo magazeti mengi yanavyotufikia sisi wa Kibokoni, na sisemi kwa dharau. Gazeti lililofunga mahamri husomwa na nyumba nzima, mradi mafuta hayajaifikia aya ya mwisho. Mjukuu wangu, aliye kidato cha tatu na ambaye ameshaitazama filamu yote ya Hancock ya Netflix kwenye simu, alilinyoosha juu ya baraza akatusomea kwa sauti, mimi na wazee wenzangu wawili, na muuza kahawa aliyekuwa ametua dele lake.

Alipofika pale mwandishi wenu anaposema kwamba wataalamu wameshindwa kueleza vipi watu wa kale wasio na vyuma waliweza kujenga kwa mawe makubwa, na kwamba hapana budi walikuwako walimu waliowatangulia, watu wa ustaarabu uliozama baharini, alisita akaniangalia. "Babu, huyu mtu yuwasema kweli?"

Nilimjibu kwa hasira, na jibu la hasira si jibu. Ndiyo sababu naandika.

Mimi ni mwashi. Nimestaafu kwa sababu ya magoti, si kwa sababu kazi imekwisha. Nilianza mwaka 1972 nikiwa na miaka kumi na minne, nikimbebea ami yangu maji ya kuchanganyia chokaa, na mpaka mwiko unanitoka mkononi nilikuwa nimeshika kuta nyingi za Mji wa Kale, na za magofu ya kaskazini pia, Mtwapa mpaka Malindi. Sikusoma akiolojia. Lakini mtu akisema "haijulikani walijengaje", nahisi ananisema mimi.

Nianze na yeye mwenyewe, kwa haki. Hancock si mtu wa kubezwa. Ni mzaliwa wa Edinburgh, mwaka 1950, na kanda yetu aliijua kabla dunia haijamjua yeye: kati ya 1981 na 1983 alikuwa mwandishi wa jarida la The Economist hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1989 akatoa kitabu kilichowachapa vilivyo mabwana wa misaada, wale wanaopanda ndege kuja kuhesabu njaa zetu kisha wakalala hoteli. Kwa kitabu kile, angepita barazani kwetu angenunuliwa kahawa. Halafu akageuza tanga. Akaandika juu ya Sanduku la Agano na Aksum ya Ethiopia, na mwaka 1995 akatoa kile kilichompa jina duniani: kwamba mwishoni mwa Enzi ya Barafu, miaka elfu kumi na mbili na ushei iliyopita, palikuwa na watu waliojua nyota, bahari na mawe, wakaangamizwa na balaa kubwa, ambayo siku hizi anasema ni vipande vya nyotamkia, na walionusurika wakasambaa duniani kuwafundisha wawindaji kulima na kujenga. Hadithi yenyewe ni kongwe. Plato aliisimulia Atlantis yake zaidi ya miaka elfu mbili na mia tatu iliyopita, na Mmarekani Ignatius Donnelly akaifufua mwaka 1882. Sisi tuna methali yake: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tena ana jambo moja la kweli, na mjukuu wangu amelishika barabara. Bahari ilipanda. Barafu ilipoyeyuka maji ya dunia yaliongezeka kimo cha mita 120 hivi. Kilindini na Tudor ni mabonde ya mito yaliyomezwa na bahari. Wakati ule Mombasa haikuwa kisiwa; mtu angeshuka bondeni akapanda Likoni kwa miguu, asimngojee mtu wa feri. Kwa hivyo Hancock akiuliza ni mangapi yaliyo chini ya maji, ameuliza swali halali, na anayemcheka kwa swali hilo hajafikiri.

Ila mimi namuuliza swali la kifundi. Kifusi chao kiko wapi?

Asiyejua kazi akiuona ukuta uliokwisha, huona lipu nyeupe na pembe zilizonyooka. Haoni kilichoachwa nyuma yake. Nikikuambia nyumba moja ya ghorofa ya Mji wa Kale ilikula nini hutaamini. Matumbawe yalichimbwa, na machimbo ni shimo, na shimo halihami. Boriti za mikoko ziliteremshwa kutoka Lamu kwa majahazi. Nyumba zile zina vyumba vyembamba kama korido kwa sababu boriti haivuki zaidi ya pale, na chumba chote hupimwa kwa mti. Halafu chokaa. Magogo hupangwa duara, safu juu ya safu, katikati paachwe tundu la moto, na juu yake mawe ya matumbawe yaliyovunjwavunjwa. Ami alikuwa akiwasha magharibi, upepo ukitulia, na mpaka alfajiri tanuu limelala chini, jivu na mawe meupe. Yaachwe kwa mvua au yanyweshwe maji yavunjike unga, yachekechwe, yazikwe shimoni miezi. Chokaa ya haraka haishiki, itakuaibisha mbele ya mwenye nyumba. Mahali palipochomwa hapafichiki: udongo huungua ukawa mwekundu, mkaa ukazama, na mawe yasiyoiva yakabaki yametapakaa. Ami aliweza kulitambua tanuu la miaka mia kwa kukwaruza ardhi na kidole cha mguu.

Na mafundi wanakula. Tulikuwa watu kumi na wawili kwenye dari moja, tukipigilia kwa magongo siku nzima huku tukiimba ili mapigo yaende sawa, na kila adhuhuri samaki na wali. Mifupa ilitupwa wapi? Jaani. Na baada ya chakula watu walikwenda wapi? Nadhani mumenielewa.

Basi hao wa Hancock, waliozunguka dunia nzima na kupima nyota, walikula wapi? Walikwenda haja wapi? Hata kama miji yao ilizama, wanafunzi wao hawakuzama. Walimu wale, kwa maelezo yake mwenyewe, walikwenda bara wakafundisha, Misri, Uturuki, Peru, Indonesia. Na mgeni akikaa nyumbani kwako mwezi mmoja, akiondoka utaokota kitana.

Mwandishi wenu ametaja Göbekli Tepe ya Uturuki, nguzo za mawe zenye umbo la herufi T, nyingine za zaidi ya mita tano, zilizosimamishwa na wawindaji miaka kama elfu kumi na moja na mia tano iliyopita. Ameuliza wawindaji wangewezaje. Lakini hakuwaambia wasomaji kwamba machimbo yako hapo hapo kilimani, na ndani ya mwamba imo nguzo iliyoanzwa ikaachwa, haijang'oka. Jiwe lenyewe ni la chokaa, laini, na walikuwa na gumegume la kulichonga. Mimi nikiiona nguzo iliyoachwa mwambani namwona fundi mwenzangu anatukana, maana ameshaona ufa. Watu wa ustaarabu wa juu wenye siri za kuyayusha majabali hawaachi kazi mwambani.

Na Misri! Hancock anapenda Sphinx, ile sanamu ya simba mwenye kichwa cha mtu, iwe na umri mkubwa kuliko mafarao. Lakini mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye Bahari ya Shamu, Mfaransa Pierre Tallet na wenzake walikuta mafunjo yenye maandishi ya mtu aitwaye Merer, mnyapara wa mabaharia wapatao arubaini, zama za farao Khufu. Merer anaandika kama ninavyoandika mimi kwenye daftari la kazi: leo tumepakia mawe Tura, leo tumelala njiani, leo tumefika Giza. Miaka elfu nne na mia tano! Na karibu na mapiramidi umechimbuliwa mji wa wafanyakazi, una matanuri ya mikate na mifupa ya ng'ombe. Nilipomsomea mjukuu hayo alicheka akasema, "Kumbe ni kama nyinyi na wali wenu." Hapo nikajua kuna matumaini.

Jambo la mbegu sikulijua mimi, nimelipata kwa huyo huyo mjukuu. Aprili 2024 Hancock alikaa kwa saa nyingi na mwanaakiolojia Flint Dibble, kwenye kipindi cha mtandaoni cha Mmarekani Joe Rogan, wakajadiliana. Dibble akaleta mbegu. Suke la nafaka ya mwituni likikomaa hupukutika lenyewe. La shambani hungoja mvunaji, kwa sababu vizazi vya wakulima vilichagua lile lisilopukutika. Mabadiliko hayo yanaonekana kwenye punje zilizoungua majikoni mwa watu wa kale, na yanaonekana polepole, karne baada ya karne. Angekuwako mwalimu aliyekuja na kilimo tayari mkononi, mbegu yake ingeonekana siku hiyo hiyo imeshabadilika. Haionekani. Na kwenye mazungumzo hayo Hancock mwenyewe alikiri kwamba katika yale ambayo wanaakiolojia wameshayachunguza, dalili ya ustaarabu wake haijapatikana. Akabaki kusema kuna mengi hayajachimbwa. Ndiyo, yako. Hata chini ya baraza langu hapajachimbwa. Sikuambii kuna dhahabu.

Tunao wageni wa kweli wa baharini, na hebu tuone walivyoacha alama. Watu walitoka visiwa vya kusini mashariki mwa Asia wakavuka Bahari ya Hindi nzima mpaka Madagaska. Lugha ya Kimalagasi mpaka leo ni ndugu wa lugha za Borneo. Wanaakiolojia wameokota mchele na choroko zilizoungua kwenye vijiji vya kale vya Madagaska na Komoro, wakati huku bara, zama hizo hizo, majiko yanatoa mtama na wimbi. Na ngalawa yetu, yenye mirengu huku na huku, hudhaniwa ni kumbukumbu ya vyombo vyao. Hawa hawakuandikiwa filamu ya kutisha, wala hawakuwa na siri. Walikuwa mabaharia wenye njaa waliobeba mchele wao, na baada ya miaka zaidi ya elfu bado punje zinaonekana.

Sasa hili la umri wa mawe linanikereketa zaidi. Mwandishi wenu amesema kilima cha Gunung Padang, Indonesia, "kimethibitishwa" kuwa jengo la miaka zaidi ya elfu ishirini. Makala ile ya kisayansi ilitoka Oktoba 2023, na Machi 2024 jarida lenyewe likaifuta. Walichopima umri ni udongo uliochotwa chini, wala hapakuwa na kitu cha kuonyesha kwamba mkono wa binadamu uliufikia udongo ule. Habari ya kufutwa kwake haikuwamo katika makala yenu, na gazeti linaloheshimu wasomaji lingeisahihisha.

Mtu asiye mwashi huenda haoni kosa liko wapi. Njoo nikuonyeshe kwa Fort Jesus. Tunajua ilijengwa: Wareno waliianza mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Lakini imejengwa kwa matumbawe na juu ya matumbawe, na mwamba huo wa Mombasa ulikuwa kitu hai baharini zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Pima jiwe, utaambiwa ngome ina miaka laki moja na ushei. Utaandika kitabu, utaitwa kwenye televisheni. Ila ukipima mkaa uliomo ndani ya chokaa inayoshika jiwe na jiwe, ndipo utamkuta fundi. Umri wa mchanga si umri wa nyumba iliyojengwa juu yake.

Nije kwetu, maana hapo ndipo hasira yangu ya barazani ilipotoka.

Mwaka 1991 tulikuwa tukitengeneza ukuta wa gofu moja kaskazini mwa Mombasa. Mimi niko juu ya jukwaa, nina mwiko, chokaa imenifika viwikoni. Likaja basi la wanafunzi. Mwalimu wao akawapanga mbele ya ukuta, akawaambia: mji huu ulijengwa na Waarabu, wakastarehe hapa, halafu wakapotea, haijulikani walikwenda wapi. Mtoto mmoja akauliza, nani aliwafundisha watu wa hapa kujenga? Kabla mwalimu hajajibu akaniangalia mimi juu akasema, "Mzee, tafadhali sogea kidogo, watoto wapige picha." Nikasogea. Wakapiga picha ya ukuta. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, wala si mzee.

Mwalimu yule simlaumu sana. Alisoma alichosomeshwa. James Kirkman, aliyeanza kuchimba magofu ya Gedi mwaka 1948 na ambaye ndiye msimamizi wa kwanza wa makumbusho ya Fort Jesus, alikuwa mchimbaji hodari na mtu wa kupenda magofu. Lakini mwaka 1964 aliandika kwamba majengo ya kale ya pwani si mali ya Waafrika, ni ya Waarabu na Waajemi waliochanganya nao damu, huku utamaduni wao ukiwa mbali kabisa na Waafrika waliowazunguka. Hata neno letu lina lawama. Zamani watu wa pwani wakisema uungwana. Ustaarabu limekuja juu baadaye, na ukilisikiliza vizuri, Mwarabu amekaa ndani yake. Kwa hivyo tukisema "ustaarabu uliopotea" tumeshamtafuta mgeni kabla hatujachimba.

Mbaya zaidi yalitokea Zimbabwe. Mjerumani Karl Mauch alifika kwenye kuta za mawe za Great Zimbabwe mwaka 1871, akakata kibanzi cha mti wa kizingiti, akakilinganisha na penseli yake. Harufu moja, rangi moja. Penseli ni mti wa mwerezi, basi na hiki ni mwerezi wa Lebanon, basi walioleta ni Wafoinike, basi mwenye jumba ni Malkia wa Sheba. Kwa penseli! Wazungu waliomfuata walilishika neno lile kwa sababu liliwafaa: nchi ambayo haikujengwa na wenyewe ni rahisi kuchukua. Richard Hall, aliyewekwa kuyalinda magofu hayo, kuanzia 1902 alizoa udongo wa ndani akautupa nje, akiuita takataka za Makafiri, jina la dharau walilowaita Waafrika. Alitupa kifusi, Mhariri. Alitupa barua yenyewe akabaki na bahasha. David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 walichimba kilichosalia wakasema wazi, hii ni kazi ya Waafrika wa hapa hapa. Serikali ya Rhodesia, kama nchi ile ilivyoitwa wakati huo, haikutaka kusikia, na mpaka mwaka 1970 mwanaakiolojia Peter Garlake ilimbidi aondoke nchini kwa kulisema.

Simwambii mtu kwamba Hancock ni Hall. Mwenyewe anakataa kuitwa mbaguzi, na nia ya mtu yuaijua Mungu. Nasema hivi: ukisoma orodha ya majengo ambayo watu huuliza "nani aliwafundisha?", huulizwa Misri, Zimbabwe, Mexico, Peru, Indonesia. Makanisa makubwa ya Ulaya sijasikia yakiulizwa. Na katika kile kitabu cha 1995 walimu wa Peru na Mexico walikuja na ndevu na ngozi nyeupe, kwa masimulizi yaliyoandikwa baada ya Wahispania kuingia. Mwanafunzi akae ajiulize mwenyewe.

Jibu la yule mtoto wa mwaka 1991 liko Shanga, kisiwani Pate. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba pale miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa mawe alikuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine, mpaka chini kabisa palipobaki alama za miti, ya karne ya 8, msikiti mdogo wa kutosha watu wachache. Mahali pale pale, vizazi kwa vizazi, miti ikawa mawe. Ukishuka na lile shimo unashuka na ngazi ya ufundi, kila daraja fundi amejifunza jambo. Na msafiri Ibn Battuta alipotua Mombasa mwaka 1331 aliona misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na visima milangoni, watu wakiosha miguu kabla ya kuingia. Mji wetu ulikuwa bado kwenye daraja la mbao. Huo ndio ujuzi unavyokuja, kwa mikono kuharibu na kurudia. Mimi mwenyewe niliangusha matao mawili kabla tao la tatu halijasimama, na ami hakunipa chai siku zote mbili.

Hii si kusema wageni hawakuja. Walikuja. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kwenye miji ya pwani, na mmoja wa bara, kati ya 1250 na 1800, Mtwapa ikiwamo. Kwa wengi wao zaidi ya nusu ya asili ilikuwa ya Kiafrika, na hiyo kwa jumla imetoka upande wa akina mama; upande wa wanaume sehemu kubwa ni Uajemi, na kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000. Kwa hivyo wazee wetu waliosema "sisi Washirazi" hawakuwa waongo. Ila ule msikiti wa miti wa Shanga ulikuwa umeshaota mizizi karne mbili kabla. Mgeni alikuta nyumba, akapiga hodi, akapewa mke.

Wataalamu nao wana lao. Miaka ya themanini nilichimba kwa kibarua kwenye uchunguzi mmoja. Tulilipwa kwa siku, vigae vikafungwa kwenye mifuko vikaenda, na mpaka leo hakuna aliyerudi kutueleza tulichimba nini. Ripoti zao ni Kiingereza, tena kigumu. Wakati huohuo Hancock anaingia kwenye simu ya mjukuu wangu saa nne usiku, ana sauti nzuri, ana picha za ndege. Chama cha wanaakiolojia wa Marekani kiliwaandikia Netflix Novemba 2022 kikitaka filamu ile iitwe ya kubuni. Kwa maoni yangu walikosea. Kubadilisha kibandiko cha chupa hakumzuii mtu kunywa. Wangekuja na hadithi yao.

Na hadithi wanayo! Mwandishi wenu anatupeleka Indonesia wakati pango la Panga ya Saidi liko hapa Kilifi, kilomita kama 15 tu kutoka baharini. Mwaka 2021 wachunguzi, baadhi yao wa Makumbusho ya Taifa yetu, walitangaza kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu, wakamwita kwa Kiswahili, Mtoto. Alizikwa miaka 78,000 iliyopita. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa, mwili umezongwa na kitu, na kichwa kiliwekewa mto uliooza zamani. Ubavu wa kulia, Mhariri, kama tutakavyolazwa sisi. Hakuna kaburi la binadamu wa leo lililopatikana Afrika lenye umri kuuzidi huo. Na watu waliendelea kutumia pango lile mpaka karne chache zilizopita, kwa hivyo ile miaka elfu kumi na mbili ya Hancock imo ndani, imepita tabaka kwa tabaka, pamoja na shanga za makombe na ncha za mawe. Mabaharia wake wangepita njia hii na ramani zao za dunia. Watu wa pangoni walikuwa wameshikilia vitu vidogo vidogo kuliko sisi tunavyoshikilia risiti. Hawakushika hata kimoja chao.

Naomba basi ukurasa ule ule, Jumapili moja, upewe Panga ya Saidi. Na mwandishi wenu akipenda, mimi niko barazani kila siku baada ya alasiri, nitamtembeza mitaa mitatu ya Mji wa Kale, aje na viatu visivyo vipya.

Nimalizie na lile la mjukuu, kwa sababu jana aliniuliza tena, na safari hii sikukasirika. Kuna desturi niliyoipata kwa ami: ukifunga ukuta, tia sarafu ndani ya chokaa, ili atakayekuja kubomoa ajue. Ukuta ule wa mwaka 1991 una shilingi yangu moja. Ina kichwa cha Mzee Kenyatta na imeandikwa 1978, kwa kuwa siku ile ndiyo niliyokuwa nayo mfukoni. Mjukuu akaruka: basi babu, umewadanganya, watasema ni wa 1978! Nikamwambia hapana, mwenye akili atasema hauwezi kuwa wa kabla ya 1978, na ataendelea kuchimba. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama naweza kumwonyesha ilipo.

Mwashi mstaafu,
Kibokoni, Mombasa